Pistoni za kauri: mafundi wa Kisekka wana hoja

Wapo wanaowaona mafundi wa Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, kuwa wamebaki nyuma kwa sababu hawazitaki pistoni za dizeli zilizopakwa kauri. Sifa za pistoni hizo zinavutia: kauri yenyewe, zirkonia iliyochanganywa na itria, ni tabaka lisilofika nusu milimita, nayo hupitisha joto kidogo mno kuliko alumini. Wanaozisifu husema joto lisipopotelea kwenye rejeta litasukuma pistoni, na matumizi ya mafuta yatashuka.

Lakini sehemu kubwa ya joto hilo haisukumi chochote. Linatoka kupitia ekzosi, na huko ni hasara tupu kama hakuna turbo ya kulivuna. Tena, ukuta wa silinda unaobaki na moto huipasha hewa inayoingia. Hewa inatanuka, silinda inapata pungufu. Lori linalopanda Kabale, mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, limeshapungukiwa hewa kabla hujaligusa. Utalipunguzia tena? Miaka ya 1980 kampuni ya injini ya Cummins na jeshi la Marekani waliendesha lori lisilo na mfumo wa kupoza injini, na lilitembea kweli. Lakini mwaka 1987 mtafiti Gerhard Woschni wa Ujerumani alipima injini yenye pistoni iliyozuiwa joto, akakuta inakula mafuta zaidi.

Halafu kuna kubanduka, na hili ndilo fundi analiona kwa macho. Alumini hutanuka takribani mara mbili ya zirkonia, kwa hiyo kila injini ikiwaka na kuzimwa tabaka linavutwa. Likimeguka, chembe ngumu zinaingia kati ya ringi za pistoni na laina, yaani ukuta wa silinda. Ukifungua hedi unakuta michirizi ya wima, na oili imeanza kuliwa.

Kwenye vali za chuma na hedi ya chuma cha kutupwa kauri hushika vizuri zaidi, maana mitanuko inakaribiana. Nayo Toyota, mwaka 2015, ilitoa injini ya 1GD ya lita 2.8, ile ya Hilux na Prado, ikiwa na tabaka jembamba lenye vitundu juu ya pistoni; ikatangaza kwamba joto linalopotea wakati wa mwako hupungua kwa hadi asilimia 30. Siri yake ni kwamba tabaka hilo hupata moto na kupoa haraka pamoja na gesi, hivyo haliipashi hewa mpya. Hiyo ni kazi ya kiwandani, iliyobuniwa pamoja na injini yenyewe. Mwenye Fuso ya matoke kutoka Mbarara anayetaka kupunguza mafuta apimishe nozeli zinazonyunyiza dizeli kwanza.