Macho Hufumbwa, Masikio Je?

Watazame watu wanaoangalia muvi ya kutisha. Mlango unafunguka taratibu, na mikono yote inakwenda usoni. Wengine wanachungulia kati ya vidole, wengine wanavuta khanga mpaka machoni. Katika miaka yote niliyokaa kwenye mabenchi ya kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video mtaani, na baadaye sebuleni kwangu, sijamwona mtu aliyeziba masikio. Na hofu yote inapita huko huko.

Nimezipenda filamu hizi tangu nina miaka kumi au kumi na moja, na kadiri ninavyoziangalia ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: sura ya zimwi haitishi sana. Inayotisha ni sauti yake, hasa unapoisikia kabla hujajua imetoka wapi.

Pengine ni kwa sababu ya malezi. Mimi nimelelewa na bibi, Tanga, na mafunzo yetu ya usiku yalikuwa ya masikio. Ukiitwa jina lako nje na giza limeshaingia, usiitike. Ngoja uitwe mara ya tatu, ndipo ujue anayeita ni binadamu. Usipige mluzi usiku. Nyoka usimtaje kwa jina, mwite kamba. Bibi hakuwahi kutuambia jini ana sura gani, na hatukuuliza. Alitufundisha kusikiliza, akatuacha na masikio yetu gizani, nasi tukamaliza kazi iliyobaki wenyewe.

Mwaka 1995 habari za popobawa, shetani aliyesemwa kuwavamia watu usiku vitandani, zilipoanza Pemba, zikavuka Unguja na kufika mpaka Dar es Salaam, watu wazima wenye akili zao waliacha vitanda wakalala nje kwa makundi. Hapakuwa na picha hata moja ya kuonyeshana. Yalikuwa maneno tu, kutoka kinywa hadi sikio. Mwongozaji yeyote wa filamu angetamani kuwa na nguvu hiyo.

Kabla sijaendelea, nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kushtuka na kuna kuogopa. Paka akiruka kutoka kabatini na muziki ukalia kwa kishindo, utashtuka; hata ukipigiwa sufuria nyuma ya kisogo utashtuka. Kushtuka huko kunakwisha kabla chai haijapoa. Kuogopa ni kule kuamka saa nane za usiku ukiwa na haja ya kwenda chooni, ukaamua kusubiri mpaka kuche. Filamu nyingi za siku hizi zinauza kushtuka kwa bei ya kuogopa, na hilo linaniudhi kwa dhati, kwa sababu mtazamaji anayezoeshwa kishindo anapoteza uvumilivu wa kusikiliza ukimya.

Na kushtua kwenyewe kuliwahi kuwa na heshima yake. Katika Cat People ya mwaka 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur, mwanamke anatembea peke yake usiku barabarani na nyuma yake anafuatwa na mwenzake. Tunasikia viatu vya wote wawili vikigonga lami. Kisha nyayo za nyuma zinanyamaza. Mwanamke anageuka, hamna mtu. Anaongeza mwendo. Ghafla unalia mvumo kama wa mnyama, kumbe ni breki za basi linalosimama mbele yake. Kila filamu iliyokuja kutushtua baadaye inadaiwa na lile basi. Lakini mimi ninayeirudia sehemu hiyo kila mara siirudii kwa ajili ya basi. Ninarudi kusikia pale nyayo zinapokatika.

Anayebisha kuhusu sauti namkumbusha kisa cha mwongozaji John Carpenter na Halloween ya mwaka 1978, filamu iliyotengenezwa kwa takriban dola 300,000 tu. Carpenter mwenyewe amesimulia kwamba alimwonyesha ofisa mmoja mwanamke wa kampuni kubwa ya filamu kazi hiyo ikiwa bado haijatiwa muziki wala sauti za nyongeza. Yule mama hakutishika hata kidogo. Carpenter akaenda akatunga muziki mwenyewe, ule wa kinanda unaogonga kwa mapigo matano matano, mdundo ambao baba yake alimfundisha utotoni kwa ngoma ndogo za bongo. Picha ni zile zile. Muuaji ni yule yule, na barakoa yake ni ile ile, ya sura ya mwigizaji William Shatner iliyopakwa rangi nyeupe. Kilichoongezeka ni kitu cha kuingia masikioni, na filamu ikawa ndiyo inayoigwa mpaka leo. Mapigo matano yana ubaya wake: mwili unangoja la sita na halifiki, kwa hiyo unakaa muda wote kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho gizani.

Mwongozaji Alfred Hitchcock naye, katika Psycho ya mwaka 1960, alitaka mauaji ya bafuni yapite bila muziki wowote. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaandika muziki hata hivyo, wa ala za nyuzi peke yake, na Hitchcock alipousikia akabadili nia. Kwa mlio wa kisu kikiingia mwilini walichoma matikiti ya aina mbalimbali, na inasimuliwa kwamba Hitchcock alikaa amefumba macho akisikiliza mpaka akalichagua moja. Mtu mzima, bingwa wa picha, amefumba macho anasikiliza matikiti. Alijua.

Sasa nije kwenye ile iliyoniumiza. The Exorcist ya mwaka 1973, ya William Friedkin, niliiona kibandani nikiwa mdogo mno, na kwa wiki nzima nililala katikati ya bibi na ukuta. Wengi wanaikumbuka kwa shingo inayozunguka. Mimi nakumbuka sauti. Mwigizaji mtoto, Linda Blair, anafungua kinywa na ndani yake anazungumza mtu mwingine. Sauti hiyo ilitolewa na Mercedes McCambridge, mwanamke aliyekomaa katika michezo ya redio. Ili aipate ile mikwaruzo ya koo, alimeza mayai mabichi, akavuta sigara, akanywa wiski, na wakati wa kurekodi akafungwa kwenye kiti ili asikike kama kiumbe anayepambana na kamba zake. Filamu ilipata tuzo mbili za Oscar, na moja ilikuwa ya sauti.

Kwa mtu wa pwani, jambo hilo si hadithi ya kigeni. Sisi tumeona watu wakipandisha pepo. Tumesikia binti wa jirani akizungumza kwa sauti nzito ya kiume, kwa lugha ambayo hakuwahi kusomeshwa. Ila kwetu kuna adabu yake. Pepo anasalimiwa, anaulizwa jina, anaulizwa kabila lake na amekuja kutaka nini. Aliyepandisha anaitwa kiti, maana pepo amekaa tu juu yake. Basi pepo atasema: nataka marashi, nataka ubani, nataka halua, nataka nichezewe ngoma. Wazee wanapatana naye, anashuka, na binti anaamka kuomba maji. Nilichokiogopa katika filamu ile, ingawa wakati huo sikuweza kukieleza, ni kwamba yule aliyekuwa ndani ya mtoto hakutaka kitu chochote. Makasisi wanauliza, naye anawachezea. Hakuna sinia la kumwandalia. Nilimtazama bibi, aliyekuwa na jawabu kwa kila shetani, nikawaza: huyu hata bibi hamuwezi.

The Blair Witch Project ya mwaka 1999 nitaigusa kidogo tu, maana wengi wanaichukia na sina haja ya kugombana nao. Vijana watatu wanapotea msituni Maryland wakiwa na kamera, na mchawi haonekani tangu mwanzo hata mwisho. Waigizaji walipewa maelekezo kidogo kidogo kwenye vikaratasi, chakula chao kikawa kinapunguzwa, na usiku waongozaji wakazunguka hema lao gizani wakifanya vishindo. Watu waliotoka ukumbini wakilalamika kwamba hawakuonyeshwa kitu walikuwa wameangalia kwa macho. Usiku mmoja sauti za watoto zinasikika nje ya hema, katikati ya pori ambako hakuna mtoto. Kwa aliyelelewa na bibi yangu, hapo filamu imeshamaliza kazi yake.

Hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwongozaji Mussa Banzi alitupa filamu za Nsyuka na Shumileta, na namshukuru mpaka leo kwa kuwaleta mashetani wa nyumbani kwenye kioo. Ninachokililia ni kwamba filamu zetu nyingi za kutisha zilizofuata zinaogopa kunyamaza. Kinanda kinaanza dakika ya kwanza na hakipumziki. Nyumba ya bati usiku ina sauti zake: bati linalolia likipoa, popo kwenye mwembe, bahari kwa mbali, mtu anayevuta kandambili uani na wote mmo ndani. Hizo sauti ni mali yetu, hazinunuliwi, na hatuzitumii. Ningependa sana kuona mwongozaji wa Kitanzania akizima kinanda kwa dakika tano tu.

Nimeacha mwisho filamu ninayoipenda kuliko zote, Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017. Kama hujaiona, ujue nitasema yanayotokea. Kijana Mweusi wa Marekani, Chris, anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake Mzungu. Anayeigiza Chris ni Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda. Filamu ilimpa Peele tuzo ya Oscar ya uandishi wa filamu, na akawa Mweusi wa kwanza kushinda tuzo hiyo ya hadithi asilia. Lakini kwa sisi wasemaji wa Kiswahili ina jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha.

Mwanzoni, miti inapopita mbio dirishani na majina ya waigizaji yanatokea, kuna wimbo wa kunong'ona. Mtunzi wake ni Michael Abels, na wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga. Ni Kiswahili. Maneno yanamwonya ndugu akimbie, aende mbali, ajiokoe. Kiswahili chenyewe si cha Mswahili, kwa maana mimi na wewe tungesema "wasikilize wahenga", lakini ule ugeni kidogo unaongeza kitu, kama mtu aliyekaa mbali sana na kwao kwa miaka mingi na sasa anajaribu kuikumbuka lugha kwa ajili yako. Na tazama neno walilochagua. Hawakusema mizimu. Wahenga kwetu hawatishi. Ni wale wenye methali, waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa mtazamaji wa Marekani ule ni mnong'ono wa kuogofya tu. Chris mwenyewe hauelewi. Wewe na mimi tumeambiwa kila kitu kabla hajafungasha begi.

Halafu filamu nzima inaendelea kwa masikio. Mama mkwe anamlaza Chris usingizi wa kiini macho kwa kijiko kinachozungushwa ndani ya kikombe cha chai, taratibu, chuma kwenye kauri. Anamtaka aisikie mvua ya usiku ule mama yake alipokufa. Hakuna damu, hakuna kisu, ni sauti ya kila nyumba jioni, na mtu mzima anazama ndani ya kiti mpaka chini ya dunia. Tangu niione, kijiko kikigonga kikombe chumba cha pili huwa nasimama kidogo kwanza. Baadaye Chris anafungwa kwenye kiti cha ngozi, kijiko kinalia tena, na macho yake hayawezi kumsaidia chochote. Anachimba mkono wa kiti kwa kucha, anachomoa pamba ya ndani, anaziba masikio. Wazee wa wazee wake walichumishwa pamba mashambani kwa mijeledi, na hiyo pamba ndiyo inayomwokoa mjukuu.

Niliiangalia mara ya pili Tanga, na shangazi yangu, ambaye Kiingereza hakijui hata cha salamu. Hatukuwa na mtu wa kututafsiria. Nilimwambia, "Shangazi, nitakuwa nakueleza." Wimbo ulipoanza akaacha kuchambua mchele, akainua kichwa.

"Hao wanasema Kiswahili," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

Akasikiliza. "Wanamwambia akimbie."

Kuanzia hapo hakunihitaji. Kila Chris alipotabasamu kwa wenyeji wake, kila alipopokea mkono wa mgeni mwingine bustanini, shangazi alisema kwa sauti ya chini, kama anayemsemesha mwanawe aliye chumba cha pili: "Si umeambiwa, mwanangu? Si umeambiwa?" Ungo ulikaa mapajani na mchele wake mpaka tulipofika kwenye kiti cha ngozi. Alipoiona ile pamba ikiingia masikioni, akashusha pumzi, akaweka ungo chini.

"Haya," akasema. "Sasa ataondoka."