Jogoo amesimama juu ya mshipi

Mwulize Mkenya kuna nini kwenye ngao ya Nembo ya Taifa, atakwambia jogoo mwenye shoka. Rangi atazitaja kama za bendera: nyeusi, nyekundu, kijani, na nyeupe kati yake. Nami nilijibu hivyo hivyo miaka mingi, mpaka niliposoma maelezo rasmi ya ngao ile kwa lugha ya heraldi, fani ya nembo za ngao iliyozaliwa Ulaya ya enzi za kati.

Maelezo yale hayataji mistari mitatu. Yanasema ngao imekatwa sehemu mbili, juu nyeusi, chini kijani. Basi. Kisha ukapitishwa mshipi mwekundu wenye pindo nyeupe, na hapo ndipo aliposimama jogoo. Ukiufungua mshipi, nyeusi na kijani zinakutana. Nyekundu haikugawiwa fungu lake pamoja na wenzake; imefungwa juu yao kama mshipi juu ya kanzu.

Wenye fani huuita fesi, kutoka Kilatini fascia, yaani ukanda. Kanuni za vitabuni huupa theluthi ya ngao, ingawa wachoraji huupunguza wakiona umebana vingine. Ulio maarufu kuliko yote ni wa Austria, mweupe juu ya nyekundu. Husimuliwa kwamba mtawala wao Leopold wa Tano alipigana kwenye mji wa Akka, katika Vita vya Msalaba, mwaka 1191 hata vazi lake jeupe likalowa damu. Alipovua mshipi, pakabaki utepe mweupe kiunoni. Hadithi tamu. Bahati mbaya ngao yenyewe tunaiona kwanza kwenye mhuri wa mjukuu wake, Friedrich, mwaka 1230, karibu miaka arobaini baadaye. Lakini hadithi hiyo ndiyo iliyonifanya niuite mshipi bila haya.

Sasa hizo pindo nyeupe. Shuleni tuliambiwa nyeupe ni amani, tukaandika, tukapata alama. Sibishi. Ila heraldi ina kanuni kongwe: rangi isikae juu ya rangi bila metali, na metali ni mbili tu, dhahabu inayochorwa njano na fedha inayochorwa nyeupe. Ngao ilikuwa ya kutambuliwa kwa mbali, na nyekundu juu ya nyeusi, ukiwa mbali, humezwa. Bendera ya chama cha KANU ilikuwa na nyeusi, nyekundu na kijani zikigusana. Ya taifa mwaka 1963 ikaongezwa nyeupe. Maana ya amani naipenda, lakini kabla ya maana pana kazi, na kazi hiyo hatukufundishwa.

Ningekuwa mwalimu wa darasa la nne, nisingeanza na "nyeusi inawakilisha nini?" Ningewapa watoto karatasi wapake nusu nyeusi, nusu kijani. Kisha ukanda mweupe, gundi. Juu yake ukanda mwekundu mwembamba kidogo, gundi tena. Jogoo aje mwisho.