Risiti ya Saa Nane Usiku

Ukitaka kujua saa ya kompyuta ina uzito gani, iweke kwenye risiti ya dagaa, halafu risiti iangukie mikononi mwa mume wa mtu.

Mfumo wetu pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, ni wa kawaida tu. Mzigo ukishuka kutoka Ukerewe unapimwa, mwenye mali anatumiwa risiti kwenye simu. Tumeujenga kwa Rails, zana ya kuundia programu za mtandao, ambayo hukuandalia mafaili ya mwanzo, nawe unaongeza mambo yako humo humo. Balaa linaanzia hapo. Toleo jipya la Rails likitoka unaendesha amri ya app:update, nayo inataka kuyaandika upya mafaili yale yale, bila kujali mstari upi ni wake na upi wako. Kila ikikuta faili lililoguswa inauliza: Y, andika, n, acha, d, nionyeshe tofauti, a, andika hili na yote yanayofuata, usiniulize tena.

Kazi hiyo aliachiwa dogo wetu wa field, jioni, daladala ya Buhongwa ikipiga honi nje. Kwa haraka ile, nani asome tofauti? Akabonyeza a.

Ndani ya application.rb, faili la mipangilio ya mfumo, tulikuwa na mistari miwili yetu: lugha, sw, na saa, "Nairobi". Asubuhi haipo. Mahali pake pamekaa mfano wa saa za katikati ya Marekani, tena wenye alama ya reli (#) mbele, yaani kompyuta inauruka, ni pambo tu. Mfumo ukarudi kwenye UTC, yaani saa za Greenwich, saa 3 nyuma yetu. Lugha nayo ikageuka Kiingereza. Hilo watu walisamehe.

Saa hawakusamehe. Mama mmoja akaingia, hata salamu ya mwangaluka hakuna.

"Mwanangu, mimi natoka nyumbani saa kumi. Mzigo nimepokea saa kumi na moja alfajiri. Hii 02:10 mmeitoa wapi?"

"Mama, shikamoo. Ni kompyuta tu..."

"Kaieleze kompyuta yako kwa mzee! Anasema saa nane usiku nilikuwa wapi na nani!"

Mzee mwenyewe, nilikuja kuelewa, akilala amelala. Hawezi kuapa mkewe alitoka saa ngapi. Shahidi pekee ni risiti yetu.

Bahati nzuri, kwenye hifadhidata Rails kwa kawaida hutunza muda kwa UTC, nasi hatukuwa tumebadilisha hilo, kwa hiyo kilichoharibika ni maonyesho tu. Nikafungua git, inayotunza matoleo ya zamani ya mafaili, nikarudisha mistari miwili, nikaitoa risiti upya: 05:10. Mama akapiga simu nyumbani, akanipa niongee.

Nikamweleza mzee habari za Greenwich, taratibu, kwa heshima zote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mwanangu. Kwa hiyo ile ya mwezi uliopita, ya saa tano usiku, siku aliyoniambia yuko kwenye kesha kanisani, nayo ni ya Greenwich? Au hiyo ilikuwa kabla hamjabadilisha?"

Mama akaninyang'anya simu.