Mwaka wa Kuinuliwa

Kampuni ninayoifanyia kazi iko Kanada, mimi niko Pipeline, Embakasi. Kazi yenyewe ni kujibu malalamiko ya wateja kwenye kompyuta: huyu viatu vyake havijafika, yule kaletewa vyote viwili vya mguu wa kushoto. Kila Desemba wenzetu wa huko hufunga ofisi kwa sababu ya theluji na sikukuu, na bosi hutuandikia barua ya kututakia mapumziko mema, tujifunike vizuri, tukae karibu na moto. Barua hiyo huwa naisoma nikiwa na bukta na fulana, feni imenielekea usoni. Baridi yetu ya Nairobi huja Julai, na Julai hakuna anayenipa hata nusu siku.

Desemba ya 2024 niliapa kwamba likizo hiyo nitaila mpaka mfupa. Siendi popote, sifanyi lolote. Mama alipiga simu kutoka Kakamega akauliza nafika lini. Nikamwambia nauli imepanda maradufu, na sikudanganya, maana mwezi huo pale stendi ya Machakos Kantri Basi, hapa hapa Nairobi, kiti cha basi hupigwa mnada. Akasema, "Sawa mwanangu, pumzika. Sisi tutakula kuku." Mama zetu hawagombi. Wanakutajia kuku tu, halafu wanakata simu.

Na Nairobi ya mwisho wa mwaka, jamani, asikuambie mtu. Watu wakishaenda ushago, barabara ya Outer Ring unaivuka bila kukimbia. Makanga aliyekusukuma Novemba anakushika mkono Desemba, anakuita mkubwa. Ploti yetu ina ghorofa nane na haina lifti, na zile za juu zote zilikuwa tupu, watoto wamehamishia kelele zao Murang'a na Kitui. Nikawa nalala, naamka, nakula, nalala tena.

Tarehe 31, Jumanne, alasiri, nikapanda paani. Wanaokaa maghorofani wanazijua paa zetu: matangi meusi ya maji yamejipanga, nyaya za kuanikia nguo zimepita huku na huku, na mlango ni mmoja tu, wa grili ya chuma. Nilibeba mkeka, chupa ya chai, maembe mawili na daftari kuukuu lililobaki na karatasi chache. Nilitaka kuandika mipango ya mwaka mpya mahali penye hewa. Simu niliiacha chumbani inachaji. Likizo ni likizo, na simu yangu hailijui hilo.

Mipango ilikuja yenyewe. Kuweka elfu mbili kila mwezi kwenye sako. Kuachana kabisa na mikopo ya simu. Kumlipa Mama Shiru mia tatu zake za gesi. Kumwezekea mama jikoni kabla ya masika. Kukimbia asubuhi. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kana kwamba daftari lina mdomo, kupata mke kabla ya Juni. Nikasoma, nikaridhika, nikala embe moja, nikajinyoosha kwenye kivuli cha tangi. Ndege zilikuwa zinapita chini kiasi cha kuhesabu magurudumu. Nikasinzia.

Sasa, Baba Mwende, msimamizi wa ploti, ana amri ya landilodi: Desemba, grili ya paani ifungwe saa kumi na mbili jioni kwa sababu ya wezi wa nguo. Yeye anasema aliita, "Kuna mtu huko?" Mimi nasema hakuita. Hatujaelewana mpaka leo. Ninachojua ni kwamba niliposhtuka giza limeshaingia, kufuli limening'inia upande wa pili wa grili, na Baba Mwende yuko ndani ya matatu anaelekea keshani, funguo zote kiunoni.

Nikagonga. Nikaita. Ghorofa ya nane hakuna mtu. Ya saba hakuna mtu, maana wa ghorofa ya saba ni mimi. Huko chini zaidi waliobaki walikuwa wameenda kanisani au baa, kila mtu na imani yake.

Upande wa kulia vijana wa ploti jirani walikuwa wanachoma nyama paani kwao, muziki umefunguliwa mpaka nyaya zetu za nguo zinatetemeka. Najua mtasema Pipeline nyumba zimesongamana, si ungeruka? Paa lao liko chini ya letu kwa ghorofa mbili, na mimi sina bima. Nikapiga mbinja, nikapiga makofi, mwisho nikawatupia kokwa la embe. Likatua karibu na jiko, cheche zikaruka. Mmoja akainua kichwa, akaniona, akaweka mkono kifuani kwa heshima.

"Pole mkubwa! Tunapunguza!"

Wakapunguza kweli. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, na papo hapo ndege ikapita juu ya kichwa changu. Ilipomaliza kupita, muziki ulikuwa umesharudi ulipokuwa.

Upande wa kushoto kuna kanisa la mabati, spika zao ziko nje ili na sisi wenye dhambi tufaidi. Kesha ilikuwa imepamba moto. Pasta alikuwa akitangaza mwaka.

"Huu ni mwaka wa kuinuliwa! Fungua nami Kumbukumbu la Torati 28, mstari wa 13! Nawe utakuwa juu tu, wala huwi chini!"

"Amina!"

"Mwambie jirani yako, hushuki!"

"Hushuki!"

Nami nimeshika grili kwa mikono miwili.

Nikachana karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa NIMEFUNGIWA HUKU JUU NISAIDIENI, nikaibana kwa pegi ya nguo ili ipate uzito, nikairusha. Ikaingia mtaroni. Ya pili ikatua juu ya kibanda cha mboga kilichofungwa. Ya tatu ilimwangukia mbwa, akainusa, akaondoka nayo. Karatasi iliyobaki ilikuwa ile ya mipango. Nikaandika nyuma yake, nikaizungushia kwenye embe la pili, zima, bivu, nililokuwa nimeliweka la kufungulia mwaka, nikabana kwa pegi mbili na kulirusha kwa nguvu zangu zote. Likapiga mabati ya kanisa kwa kishindo, pambio likakatika katikati.

Mhudumu mmoja akatoka na tochi ya simu. Nilimwona akiinama, akiokota, akifuta maji ya embe kwenye suruali, akirudi ndani. Nikamshukuru Mungu. Nikaanza hata kukunja mkeka.

"Wapendwa," pasta akasema kwenye spika, "kuna karatasi imetoka juu."

Kanisa kimya.

"Imeandikwa, nimefungiwa huku juu, nisaidieni. Haleluya! Kuna mtu nyota yake imefungiwa juu! Simameni tuombe!"

Wakaomba. Sijawahi kuombewa namna ile, hata nilipofanya mtihani wa kidato cha nne. "Fungua! Fungua!" wakapaza sauti, na mimi nikajibu kutoka paani, "Fungueni! Kwa ufunguo! Baba Mwende anao!" Sidhani hata amina moja ilinihusu. Halafu pasta akaigeuza karatasi.

"Na mahitaji yake ameyaandika hapa."

Nilitamani ndege nyingine ipite. Haikupita. Akasoma sako, wakasema amina. Akasoma mikopo ya simu, amina ikawa kubwa kuliko zote za usiku ule, nikajua wengi tuko chombo kimoja. Akasoma Mama Shiru na mia tatu zake, pakawa na minong'ono, kwa sababu Mama Shiru huimba kwaya pale pale. Alipofika kwenye mke kabla ya Juni, vigelegele vilipasua mabati.

"Huyu ndugu, popote alipo, ainue mkono wake!"

Niliinua. Niliinua yote miwili.

Ikafika saa sita usiku. Fataki zikaruka kila upande, honi, sufuria, filimbi, watu wakajazana kwenye balkoni na mapaa. Nikasema hapa ndipo pangu, sasa wote wako nje na mwanga upo. Nikapanda juu ya tofali la tangi, nikapunga fulana, nikapiga kelele mpaka koo likakwaruza: "Nifungulieni!" Mtaa mzima ukanijibu kwa furaha, "Hapi nyu yia!" Mama mmoja wa ng'ambo akamwinua mtoto wake ili naye anipungie mkono. Nikampungia. Mtoto hana kosa.

Saa saba watu walianza kuingia ndani, na baridi ikatoka. Watu wa Mombasa wanaotucheka kwa majaketi waje siku moja walale paani kwenye mji uliokaa mita 1,700 hivi juu ya bahari. Chai ilikuwa imeisha. Kwenye nyaya palikuwa na nguo za Mama Shiru, ambaye alisafiri kwenda Nyeri kwa haraka akaziacha: duveti moja zito ambalo kwa umande lilikuwa halikauki wala halitaki, na madera matatu makavu, yenye maua. Nikayatazama. Yakanitazama. Nikasema hapana, mimi ni mtoto wa watu, sivai dera la jirani. Nikajikunyata nyuma ya tangi, nikajifunika mkeka.

Hapa lazima niwaambie habari ya maji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na kwetu huja kwa zamu, yakipenda. Tangu Krismasi mifereji ilikuwa inatoa upepo. Pampu huachwa imewashwa ili maji yakija yapande yenyewe, na kuna boya la kuizima tangi likijaa. Boya la tangi letu liliharibika Agosti. Tulilalamika. Landilodi alisema atalishughulikia.

Maji yalikuja saa nane usiku. Sijui nani alikuwa ameyaombea. Tangi nililoliegemea likajaa, likafurika, na ile iliyomwagika mgongoni mwangu haikuwa tone, ilikuwa mto. Ndani ya dakika chache fulana, bukta, mkeka na msimamo wangu vyote vililowa. Nikavaa dera la kwanza. Nikaongeza la pili juu yake. La tatu nikajitanda kichwani, na ninaomba nisiulizwe zaidi.

Hayo maji ndiyo yaliyoniokoa, kwa sababu yaliteremka ngazi zote nane. Baba Mwende aliporudi alfajiri kutoka keshani akakuta mto mlangoni kwake, akapanda kwa hasira kuja kuzima pampu, rungu mkononi kwa tahadhari. Nikasikia kufuli linalia. Grili ikafunguka. Akasimama.

"Mama Shiru? Si ulisafiri Jumamosi?"

Nikageuka. Akaziona ndevu. Rungu likapanda juu.

"Mzee, ni mimi! Ni mimi wa 7B, wa kompyuta!"

Rungu likabaki hewani kwa muda. Akanitazama kuanzia kichwani, akashuka polepole mpaka kwenye pindo la maua, akapanda tena. Akashusha sauti, kwa huruma ya mzazi.

"Kijana. Haya mambo ulianza lini?"

Nilimweleza yote, tangu daftari mpaka boya. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema ameelewa, kisha akanipiga picha. Alisema ni ya ushahidi kwa landilodi kuhusu tangi. Sijafika hata ghorofa ya saba, picha ilishafika kwenye kundi la WhatsApp la ploti, na chini yake mtu wa Kitui ameuliza kama maji yamerudi.

Mama Shiru alirudi wiki ambayo shule zilifunguliwa. Nilikuwa nimeyafua madera, nimeyapiga pasi, nimeyakunja kwenye mfuko mpya. Nikabisha hodi kwake. Akaupokea mfuko bila neno, akatoa dera moja, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akalipima kwa macho.

"Umelipanua mabega."

"Pole sana, Mama Shiru."

"Hili sasa ni lako. Elfu moja. Na mia tatu za gesi, ambazo nasikia umezitangaza mpaka kanisani kwetu."

"Lakini Mama Shiru, unajua hii ni Njaanuari..."

"Najua. Hata mimi nina watoto wa kupeleka shule. Elfu moja na mia tatu."

Nikatoa simu, nikakopa.