Shindano la muziki wa klasiki kwa njia ya video: mtoto wa Lubumbashi aingie?

Tangu korona ilipofunga kumbi za muziki duniani mwaka 2020, mashindano ya muziki wa klasiki kwa vijana yamehamia kwa wingi kwenye intaneti, na matangazo yake sasa yanafika hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya zetu za Katuba, Kamalondo na Ruashi. Masharti yake hufanana. Kijana anajirekodi akipiga piano, fidla au filimbi, au akiimba, kwa mkupuo mmoja bila kukata mahali. Uso na mikono vionekane, kamera isisogezwe. Video inapandishwa mtandaoni kabla ya tarehe ya mwisho pamoja na ada, washiriki wanapangwa kwa umri, na baada ya wiki kadhaa matokeo yanatangazwa.

Wazazi wanauliza kama wamwandikishe mtoto. Kuna maestro wanaowahimiza, na kuna wanaosema kwamba ni biashara ya kuuza vyeti tu. Mimi nasema mtoto aliye tayari aingie, lakini aingie kama anayekwenda kufanya mtihani. Asiingie kwa kutumaini kwamba maisha yake yatabadilika siku matokeo yatakapotoka. Pande zote mbili zina hoja nzito, na nyingine hazisemwi kabisa tunapobishana baada ya mazoezi.

Kwanza umbali. Kijana wa hapa anayetaka kusikilizwa na mwalimu wa Brussels au Paris anahitaji pasipoti, viza, tiketi ya ndege, mahali pa kulala na mtu mzima wa kumsindikiza. Familia nyingi zinakwama kwenye pasipoti yenyewe. Kwa ndugu zetu wa Goma mambo yamekuwa magumu zaidi, maana waasi wa M23 walipouteka mji ule Januari 2025, uwanja wa ndege na benki vilifungwa. Kwa mtoto aliye katika hali kama hiyo, video inaweza kuwa njia pekee ya kusikika nje ya mtaa wake. Anayeipuuza nadhani hajawahi kukaa na kijana mwenye kipaji ambaye hana pa kukipeleka.

Tena si kweli kwamba video ni njia ya wanaoanza tu. Shindano la Malkia Elisabeth la Brussels lilianza mwaka 1937 kwa jina la mpiga fidla Eugène Ysaÿe, likachukua jina la malkia mwaka 1951, na leo waombaji wake huchujwa kwa video kabla ya kuitwa. Shindano la piano la Warsaw lenye jina la mtunzi Chopin nalo huanza kwa kuchuja video. Malkia huyo wa Ubelgiji ndiye ambaye mji wetu ulibeba jina lake, Élisabethville, tangu 1910 hadi ulipoitwa Lubumbashi mwaka 1966. Miaka 56 jina lake lilikuwa juu ya mji huu, na bado mtoto wa hapa anahitaji bahati kubwa mno kuingia katika ukumbi linakofanyika shindano lenye jina hilo hilo. Mimi naliona hilo kuwa deni. Video haililipi, lakini angalau inamwezesha mtoto kubisha hodi.

Historia ya Katanga nayo inatetea rekodi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyerekodi muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, na upigaji wake wa vidole ukasikika mbali sana na migodi ya shaba. Mwaka 1958 kwaya ya Kamina iliyoongozwa na padre Guido Haazen ilikwenda Ulaya na Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mitindo ya Kikongo, na rekodi yake ikaendelea kuzunguka dunia miaka mingi baadaye. Lakini mifano hii miwili tuitumie kwa uangalifu. Mwenda na vijana wa Kamina hawakuwa wakipimwa dhidi ya mtu. Walisikilizwa kwa sababu walikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho. Shindano la mtandaoni linauliza swali jingine: je, mtoto wa Lubumbashi anaupiga muziki wa Chopin vizuri kuliko mtoto wa Seoul? Ni swali halali. Ila mazingira linamoulizwa hayako sawa, na hapo ndipo napata shida kubwa kuliko zote.

Chukua simu. Simu nyingi zimeundwa kwa ajili ya mazungumzo, na zinaporekodi hujirekebisha zenyewe: sauti ikishuka simu inainua, ikipanda inaibana. Katika muziki wa klasiki, kutoka kwenye sauti ndogo kabisa hadi kubwa ni nusu ya kazi. Mtoto anaweza kukaa miezi akijifunza kuikuza sauti kidogo kidogo katika mistari minane, kisha simu ikaisawazisha yote kwa sekunde chache. Jaji anayesikiliza kwa vipokea sauti huko aliko anaandika kwamba mpigaji hana hisia. Mwenzake wa Munich amerekodiwa na maikrofoni mbili, katika chumba kilichotengenezwa kwa ajili ya muziki, kwenye piano iliyokazwa nyuzi wiki hiyo hiyo. Halafu wengine wetu, kwa kubana mega, wanatuma video kwanza kwa WhatsApp kwa shangazi aliye Ubelgiji ili aipandishe yeye, na WhatsApp inaibana tena. Kinachofika kwa jaji ni kivuli cha kile kijana alichopiga.

Piano nayo ni habari ndefu. Watoto wengi wa hapa wanajifunzia kinanda cha umeme cha kanisa, chenye funguo 61, na mara nyingi funguo zake hazina uzito wowote chini ya kidole. Piano ina funguo 88, na kila moja inasukuma nyundo. Mashindano mengi yanataka piano ya kweli. Basi mtoto anatafutiwa piano katika shule fulani au kwa familia fulani, anapewa saa moja, na saa hiyo hiyo ndiyo anayoitumia kuuzoeza mkono wake uzito mpya. Anayejua tofauti ya vyombo hivi viwili anaelewa kwamba hapo kipaji hakijaanza hata kupimwa. Wa fidla ana afadhali kidogo kwa sababu chombo ni chake, ila kiangazi chetu kikavu kinaisumbua mbao, na nyuzi zikikatika hazipatikani kila duka. Tukirekodi katika masika, mvua inapiga bati kuliko piano yoyote. Tukirekodi usiku, mji ukiwa umetulia, umeme unakatika na jenereta ya jirani inaanza kunguruma.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 okestra kubwa za Marekani zilianza kuwasikiliza waombaji wakiwa nyuma ya pazia, ili majaji wahukumu sauti peke yake bila kujua kama anayepiga ni mwanamke au mwanamume, mweusi au mweupe. Video imeliondoa pazia hilo. Jaji anaona ukuta uliochubuka, kiti cha plastiki, shati la shule, na ngozi. Simtuhumu jaji yeyote. Ila najua kwamba macho hufanya kazi kabla ya masikio, na kwamba ilikuwa rahisi kabisa kwa waandaaji kuwapa majaji sauti tupu katika raundi ya kwanza na kuiacha picha kwa wakaguzi wa udanganyifu.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Ada ni makumi ya dola, na nyingine zinapita 100. Hulipwa kwa kadi ya benki, ambayo wazazi wengi hawana, kwa hiyo ombi linarudi kwa ndugu walio nje. Baadhi ya mashindano hutoa nafasi ya kwanza kwa watoto wengi katika kila kundi la umri, kisha huwaalika washindi wapige katika ukumbi maarufu wa ng'ambo kwa gharama zao wenyewe. Weill Recital Hall ya New York, ukumbi wa viti 268 ndani ya Carnegie Hall, unaweza kukodishwa na yeyote mwenye fedha. Kupiga humo ni furaha, lakini hakumaanishi kwamba Carnegie Hall imekuchagua. Mzazi anayekopa dola 80 anastahili kuelezwa hivyo kabla ya kukopa. Fedha hizo kwa fidla ni nyuzi za muda mrefu, na kwa mwalimu wa mtaani ni masomo mengi.

Majaji ndio mizani ya jambo zima. Mwaka 1980, katika shindano la Chopin la Warsaw, Ivo Pogorelich alitolewa kabla ya fainali, na Martha Argerich, mpiga piano mkubwa aliyewahi kulishinda shindano hilo hilo, akajiuzulu ujaji kwa kupinga uamuzi huo. Pogorelich akawa maarufu kuliko wengi waliotangulia mbele yake. Watu hulitumia tukio hili kusema mashindano hayana maana. Mimi nachukua funzo jingine: ugomvi ule ulitokea hadharani. Majina ya majaji yalijulikana, kijana alisikilizwa ukumbini, watazamaji walikuwa na masikio yao wenyewe. Katika shindano la mtandaoni huwezi kujua kama video ya mtoto wako ilisikilizwa hadi mwisho. Kwa hiyo ushahidi pekee kwamba mtu alimsikiliza ni maandishi: maoni ya jaji mwenye jina, yanayotaja mahali katika kipande, mkono wa kushoto, pumzi, kasi. Shindano linalotoa maoni hayo lina thamani hata kwa aliyeshika mkia. Lisilotoa linauza cheti.

Ndiyo maana nikasema mtihani. ABRSM ya London, bodi ya mitihani ya muziki iliyoanza mwaka 1889, ilianzisha mitihani ya kupiga kwa video mwaka 2020, na mtihani wa namna hiyo humpima mtoto kwa kiwango kilichoandikwa, haumpimi kwa mwenzake wa Munich. Shindano tunaweza kulitumia hivyo hivyo. Sharti la mkupuo mmoja ni mwalimu mkali. Kijana anagundua kwamba kipande alichodhani amekimaliza kinamkwama kila mara mahali pale pale. Anajisikiliza, na wengi hawajawahi kujisikiliza. Nimeona vijana wakikua ndani ya wiki hizo za kurudia rudia kuliko katika mwaka mzima wa kusindikiza nyimbo za Jumapili, na hiyo ni faida ambayo wapinzani wa mashindano hawaihesabu.

Nao wana haki katika hili: mwanamuziki hajengwi peke yake mbele ya simu. Okestra ya kanisa la Kimbanguiste ya Kinshasa iliundwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, kwa ala chache ambazo wapigaji walilazimika kupokezana. Hakuna shindano lililoizaa. Ilizaliwa na mazoezi ya jioni, watu wakitoka kazini na sokoni, anayejua kidogo akimfundisha asiyejua. Mtoto anayetumia nusu mwaka akinoa dakika 8 za Mozart kwa ajili ya kamera, na kuacha kupiga na wenzake, anapoteza kitu ambacho hakuna jaji atakayemrudishia. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10 mimi nasema hapana moja kwa moja. Kwa wa 14 au 16, mwenye mwalimu wa karibu na nafasi yake katika kwaya au okestra, nasema ndiyo, mara moja kwa mwaka, na kipande kichaguliwe kwa uwezo wake, asibebeshwe kipande kigumu ili kuwashangaza watu. Noti za muziki si tatizo tena: maktaba ya IMSLP ipo mtandaoni tangu 2006, na Bach au Mozart unawapakua bila kulipa.

Pale masharti yanapoacha kipande cha hiari, ningependa tusijaze nafasi hiyo kwa kipande kingine cha Ulaya. Joseph Kiwele, mtunzi wa hapa aliyeandika wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga na Kongo mwaka 1960, aliandika pia muziki wa kanisa, na maestro wetu wanaweza kuupanga kwa fidla na piano. Jaji aliyekwisha kusikia Chopin ile ile mara nyingi siku hiyo atalazimika kusikiliza kweli, kwa kuwa hana rekodi nyingine kichwani ya kulinganishia.

Kuhusu simu na piano, suluhisho liko mikononi mwetu kuliko tunavyokubali. Kinasa sauti kidogo cha mkononi, ambacho unaweza kuzima ule urekebishaji wa sauti, kwaya nne au tano zinaweza kukinunua pamoja. Parokia yenye piano na ukumbi mtulivu inaweza kutoa jioni mbili, bure, kwa vijana wa kanisa lolote: ya kwanza wazoee funguo, ya pili warekodi. Juni inafaa, mvua ikiwa imekwisha. Na milango iwe wazi, wazazi na majirani wakae wasikilize, ili siku video inapopandishwa mtoto awe amekwisha kupiga mbele ya watu.