Ip Man hakuwapiga Wajapani kumi, na wala hahitaji

Imerudi tena ile video ya Ip Man, mwalimu wa kung fu wa China. Stelingi kasimama katikati, Wajapani kumi wamemzunguka, dakika chache baadaye wote wako chini wanagaagaa. Aliyeirusha kaandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba ni historia ya kweli, na wachangiaji mia wameitikia amina. Vibanda umiza vimetulea, sikatai. Stelingi hafi, na historia haina ruhusa ya kumpinga.

Hao Wajapani tuwamalize upesi. Ip Man alizaliwa Foshan, mkoa wa Guangdong, mwaka 1893, katika familia yenye mali. Jeshi la Japani liliingia Foshan 1938 na neema yote ikayeyuka. Pambano la mmoja kwa kumi ni kazi ya waandishi wa sinema ya 2008, basi. Na alipohamia Hong Kong ilikuwa 1949, Wajapani wameshashindwa vita miaka minne nyuma. Yeye alikuwa ofisa wa polisi chini ya serikali ya Kuomintang, chama kilichotawala China wakati huo, na waliokuwa wakija ni Wakomunisti. Sinema ya kuuzwa China bara ingelisemaje hilo? Lawama wakatwikwa Wajapani, ambao kwa waliyoyafanya kweli huko hawana pa kwenda kushtaki.

Kinachoudhi si uongo wenyewe, maana sinema ni sinema. Kinachoudhi ni kwamba uongo huo umefunika kazi ya mtu. Mwalimu wake, Chan Wah-shun, wanatajwa wanafunzi 16 tu maisha yake yote, na Ip Man ndiye kitinda mimba wao. Wing Chun, aina ya kung fu aliyoifundisha, ilikuwa mali ya ndani, ya wenye fedha na wenye ua. Mwaka 1950 huyu mzee wa miaka 56, hana kitu mfukoni, anaanza kufundisha katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa mikahawa, mwanafunzi wa kwanza akiwa Leung Sheung. Wahudumu wa meza hawana saa nane za kukaa uani. Habari za elementi tano na alama nane za ubashiri, ambazo walimu wa zamani walizipenda mno, aliziacha. Akaeleza kwa maneno ya kila siku: kiwiko kiko wapi, nguvu inaingilia wapi.

Halafu kuna mtu wa mti, gogo lenye mikono na mguu la kufanyia mazoezi, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Kule Foshan, mtu wa mti alikuwa gogo lililochimbiwa ardhini. Hong Kong watu wanaishi ghorofani, udongo utautoa wapi? Kwa hiyo gogo likatobolewa na kupitishwa papi mbili, yaani mbao nyembamba, moja juu na moja chini, na ncha za papi zikaegeshwa kwenye nguzo zilizofungwa ukutani. Inaonekana ni ujanja wa kubana nafasi tu, kumbe mazoezi yenyewe yamebadilika. Papi zinanepa. Ukilisukuma, gogo linarudi nyuma kidogo kisha linakufuata, na linateleza kidogo kushoto na kulia. Ukiwa umeliegemea, likirudi linakuyumbisha. Gogo linakusahihisha bila kufungua mdomo.

Sasa tazameni wanaojirekodi siku hizi. Mikono mitatu ya mti inapigwa pa-pa-pa kama ngoma ya harusi, ili mradi kelele. Ile mikono imechomekwa kwa ulimi wa mraba ndani ya tundu lililolegea kwa makusudi, icheze kidogo ikiguswa, kwa hiyo kelele ni rahisi, hata mtoto ataipata. Kigasha kikigonga mti kwa mfupa, kesho umevimba na wiki ijayo hufanyi mazoezi. Unachotafuta ni kugusa, kusukuma kuelekea kiini cha gogo, na kuhama pembe. Kwa hiyo miguu ndiyo kazi. Mguu ule mmoja wa mti, wenye goti lililopinda, umewekwa hapo ukuzuie kusimama ovyo: ni lazima uuzunguke ili ufike ubavuni mwa gogo. Ukimwona mtu kamaliza hatua zote 116, mpangilio aliouacha Ip Man, na nyayo zake bado ziko palepale, jua kakariri mikono tu.

Na wengi huwa wamerukia mtu wa mti kabla ya Siu Nim Tao, fomu (mpangilio wa hatua) ya kwanza ya Wing Chun, kuiva. Fomu hiyo haina hatua hata moja ya mguu. Unakunja magoti, unafungua vidole vya miguu nje, kisha visigino nje, unabaki hapo mpaka mwisho. Sehemu ya kwanza ni polepole mno: Tan Sao, mkono wa kukinga, inatoka kiganja kikiangalia juu, kiwiko kikiusukuma mkono kwenye mstari wa kati. Inaharibika kwa njia mbili. Kiwiko kinakimbilia nje kwa kuwa kifua kimekaza, au bega linapanda kwa kuwa mtu ana haraka. Kiwiko kikiwa nje, ngumi ya mwenzako inapita ndani bila hodi. Hiyo huirekebishi kwenye gogo, na kwenye Chi Sao, zoezi la watu wawili la kugusanisha mikono, ndiyo itakuumbua kabisa, maana hapo mwenzako anahisi kwa ngozi palipo wazi na wewe unajibu kwa kusukumana kama mafahali.

Bruce Lee? Ndiyo, alifundishwa kwa Ip Man, sehemu kubwa mikononi mwa Wong Shun Leung, akaondoka kwenda Marekani 1959 bila kumaliza mfumo. Inatosha.

Nakubali, shingo upande, kwamba bila ile sinema wengi wenu msingelijua jina lake. Nakubali pia kwamba hakuwa malaika. Wapo wanafunzi wake waliosimulia habari za kuvuta kasumba, na wapo wanaozikanusha. Mkewe alibaki Foshan, mpaka wa Hong Kong na China ukafungwa, akafa 1960. Hilo hakuna aliyeliwekea muziki.

Mkitaka kumwona mwenyewe, tafuteni filamu ya milimita 8 iliyochukuliwa mwishoni mwa uhai wake. Alifariki Desemba 2, 1972, kwa saratani ya koo. Mzee amekonda, ameshaumwa, yuko nyumbani. Anafanya Siu Nim Tao, Chum Kiu ambayo ni fomu ya pili, na mtu wa mti. Msitazame mikono, tazameni mabega yake, kisha magoti anapogeuka. Biu Jee, fomu ya tatu, haimo, wala fimbo ndefu, wala visu.