Keki ya Bosi

Keki ya mbwa ukiipamba kupita kiasi italiwa na mtu. Ndivyo ilivyokuwa kwa kaka yangu, kule Njiro, Arusha, na aliyeila ni baba mkwe wake.

Bosi ni mbwa. Watoto walimpa jina hilo kwa sababu hulala katikati ya mlango kutwa nzima na kila anayepita inabidi amruke. Wakati wa kumpa jina hakuna aliyekumbuka kwamba baba yake wifi aliitwa Bosi kazini hadi anastaafu, na kule kwao Machame wanamwita hivyo mpaka leo.

Watoto walipotaka Bosi apate keki yake, kuoka nikaachiwa mimi, kwa kuwa keki ndiyo kazi yangu. "Wifi, iwe nzuri," akasema mke wa kaka. "Watoto wameshawaambia majirani wote." Nikamwambia itakuwa nzuri ya kimbwa. Hakuna chokoleti: ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huchelewa sana kuitoa, moyo ukaanza kwenda mbio. Hakuna zabibu, mbichi wala kavu, zinaua figo. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu. Makadamia, hizi zinazolimwa huku huku kwetu kaskazini, humlegeza mbwa miguu ya nyuma. Siagi ya karanga nunua ile ya karanga tupu iliyosagwa hapa nchini. Ya kopo kutoka nje soma lebo kwanza, na ukikuta neno xylitol, utamu unaotiwa badala ya sukari, irudishe ilikotoka, kwa sababu hushusha sukari kwenye damu ya mbwa ghafla na ikizidi inaharibu ini. Sukari na chumvi wala havihitajiki. Mbwa anakula kwa pua.

Kwa hiyo harufu ndiyo niliyoishughulikia. Maini ya kuku gramu 150, yamechemshwa dakika kumi bila kitu na kupondwa hadi yawe laini. Usizidishe ukidhani unampendelea, kwani maini yana vitamini A nyingi. Halafu ndizi kisukari nne zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi, mayai mawili, mafuta robo kikombe, siagi ya karanga vijiko vitatu vya chakula na karoti moja kubwa iliyokwaruzwa. Unga wa ngano kikombe kimoja na nusu unaingia mwisho, unachanganywa kwa mwiko taratibu, na ukishapotea ndani ya rojo acha hapo hapo. Ukiendelea kukoroga unatengeneza chapati nene.

Kwenye baking powder ndipo wengi hukwama. Vipimo vingi vya kwenye simu ni vya watu wa pwani. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, keki inapanda haraka kabla haijashikamana, kisha inadidimia katikati. Kipimo kikisema kijiko kimoja cha chai, huku weka robo tatu yake. Keki hii nayo ni nzito kwa sababu ya ndizi na maini, kwa hiyo moto usiwe mkali: nyuzi 170, dakika 45. Anayetumia jiko la mkaa aweke mchanga ndani ya sufuria kubwa, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka na rojo, rudisha.

Ilitoka vizuri, kahawia, imesimama, na jiko zima linanukia kama supu ya asubuhi. Ingeishia hapo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini wifi akaitazama akasema, "Mbona kama mkate wa msiba? Ipambe basi."

Nikaipamba. Krimu ya keki za watu ni sukari na mafuta, tumbo la mbwa haliiwezi, kwa hiyo nikachemsha viazi mviringo vinne, nikaviponda vikiwa bado vya moto, nikatia vijiko viwili vya mtindi niliouchuja kwenye kitambaa usiku kucha. Viazi vipondwe kwa mkono. Ukivitia kwenye mashine vinavutika kama gundi na huwezi kuvipaka. Kwa maandishi nilichukua kiasi kidogo nikakipaka rangi kwa maji ya bitiruti, nikajaza kwenye pakiti ya maziwa iliyooshwa na kukatwa ncha, nikaandika kwa herufi nyekundu: HONGERA BOSI. Pembeni nikazungusha maua ya karoti.

Saa tisa alasiri bodaboda ikasimama getini. Babu wa Machame, hakupiga simu, na mkungu wa mchare kwenye mapaja.

"Jamani, Bosi amefika!" akapaza sauti mwenyewe. Mbwa akatoka mbio nyuma ya nyumba, mkia unapigapiga, akakaa mbele yake kama aliyeitwa. Babu akafurahi. "Huyu ananijua. Anaitwa nani?"

Kaka hakusita. "Simba, baba."

"Simba, toka hapo!" Simba hakutoka.

Tukaingia ndani, na keki iko katikati ya meza. Babu akavaa miwani, akasoma, akakaa kimya kidogo. Kisha akavua miwani na kuifuta. "Kumbe mlijua nakuja," akasema. "Tangu nistaafu hakuna aliyeniandikia hivi."

Wifi akanitazama. Mimi nikatazama karoti. Mtoto mdogo akawa wa kwanza kufungua mdomo: "Babu, hiyo ni ya Bosi!"

"Ndiyo, mjukuu wangu. Ni ya Bosi."

Akapewa kisu. Akakata kipande cha mtu mzima, wakati mbwa wa kilo 25 angepewa vipande viwili vya ukubwa wa kiberiti. Akatafuna. Akasita. Akaendelea. "Haina sukari?"

"Haina, baba," wifi akajibu upesi, na hapo alisema kweli. "Tumekumbuka sukari yako."

"Na chumvi?"

"Na presha pia."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaona nimwonye kwamba ndizi zina sukari yake hata kama hatukutia ya dukani, akanipungia mkono ninyamaze. "Lakini kuna ladha nyingine hapa. Kama ya supu."

"Ni karanga, baba," akasema kaka, akanywa chai yote kwa mkupuo.

Alikula kipande cha pili. Bosi mwenyewe alikuwa chini ya meza, kidevu juu ya kiatu cha babu, akifuatilia kila tonge kutoka sahani hadi mdomoni. Aliambulia ua moja la karoti lililodondoka. Jioni babu akaomba kilichobaki kifungwe kwenye karatasi, amkaribishe mama na yeye aonje. Ilikuwa karibu nusu ya keki.

Siku ya pili mama yake wifi akampigia, sauti ya chini, kama mtu aliyejificha stoo.

"Mwanangu, asante kwa keki. Ila nikwambie, usikasirike. Nilionja, ikanishinda. Nikasubiri baba yako aende kanisani, nikampa mbwa."

"Mbwa kaila, mama?"

"Kaila na karatasi yake. Sasa baba yako anataka nyingine ya Pasaka, kwa ajili yake na wazee wenzake wa sukari. Nimwambie nini?"

Wifi akaweka mkono kwenye simu, akaniuliza maini ya kuku kilo moja ni shilingi ngapi.